Lami Nyuma, Chai Mbele: Vidokezo 11 vya Kufurahia Baiskeli kwenye Barabara za Vumbi za Mufindi

Shuka basi Mafinga, lango la Mufindi, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Malori yanapishana, honi zinalia, moshi umetanda. Sasa geuza usukani uelekee upande wa mashamba ya chai. Kilomita chache tu na kelele zote zimebaki nyuma yako. Mbele kuna vumbi jekundu, kilima baada ya kilima, misonobari iliyojipanga kama askari wa gwaride, halafu chai! Chai kijani hadi macho yachoke, mpaka ukingo wa milima inayoteremkia bonde la Kilombero.

Barabara hizi hazina foleni, na saa nzima inaweza kupita hujaona gari. Huhitaji kuwa mwanamichezo ili uzifaidi, na huhitaji baiskeli ya mamilioni. Unahitaji mambo machache tu, na mengi yake unaweza kuyaandaa Ijumaa jioni chai ikiwa jikoni. Tuanze!

1. Chagua mwezi kabla hujachagua njia

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Kipindi hicho udongo mwekundu wa Mufindi hugeuka kuwa ugali mbichi: unajaza nafasi kati ya tairi na fremu, gurudumu linagoma, na wewe unaishia kuibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Juni hadi Oktoba ndio wakati wako. Barabara zimekauka, anga limefunguka, unaona mbali.

Ila Juni na Julai kuna baridi, na baridi ya Mufindi haina utani! Asubuhi ukungu unalala juu ya chai na vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Vaa nguo nyepesi mbili tatu badala ya koti moja zito, na usisahau glavu. Jua likitoka unavua moja moja na kuzikunja mfukoni. Na kama huna koti la kuzuia upepo, gazeti kuukuu chini ya shati linakinga kifua vizuri kabisa kwenye mteremko wa kwanza.

2. Tumia ulichonacho, tairi liwe pana

Zipo baiskeli zilizotengenezwa mahsusi kwa changarawe, zenye usukani uliopinda kama wa mashindano na tairi nene kidogo. Ni nzuri. Lakini baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye breki zinazoshika na gia zinazobadilika itakupeleka kule kule, na mandhari ni yale yale.

Cha kuangalia ni upana wa tairi. Umeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, na ukiona milimita 38 au zaidi, uko salama. Chini ya hapo kila jiwe utalisikia mgongoni. Kabla ya kuondoka, inua gurudumu la mbele na ulizungushe kwa mkono. Likiyumba, au ukisikia "kwaru kwaru", mpitie fundi kwanza. Dakika tano kwa fundi zinakuepusha na saa mbili za kukokota.

3. Punguza upepo, ongeza raha

Hiki ndicho kidokezo cha bure kuliko vyote, na wengi hawakiamini mpaka wakijaribu. Tumezoea kujaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe, tukidhani ndiyo kasi. Kwenye lami sawa. Kwenye changarawe tairi gumu linarukaruka, linateleza kwenye kona, na linakuchosha mikono kabla ya miguu.

Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40 na tyubu ndani aanzie upepo wa PSI 35 hadi 40. Mzito aongeze kidogo, mwepesi apunguze. Huna pampu yenye kipimo? Kaa juu ya baiskeli, mwambie mwenzako achungulie tairi la nyuma kwa chini. Likivimba kidogo pembeni kama shavu la mtoto anayetafuna, ni sawa. Likijibana mpaka ukasikia rimu ikigonga jiwe, umezidisha kupunguza. Rimu ikigonga hivyo inaibana tyubu na kukuachia matundu mawili yanayotazamana, na hapo safari imesimama.

4. Hesabu saa, achana na kilomita

"Kilomita 40 tu, mbona kidogo!" Ngoja kwanza. Kwenye vumbi na vilima, mtu wa kawaida anakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Hizo 40 zako ni saa tatu za kunyonga, ukiongeza kupiga picha, kunywa chai na kusalimiana ni nusu siku. Tena Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar leo na kupanda baiskeli kesho asubuhi, usishangae pumzi ikikatika mapema. Siku ya kwanza iwe ya kilomita 20 au 25, ya pili uongeze.

Panga safari yako hivi: ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geuza ukifika nusu ya muda wako, hata kama hujafika ulikotaka. Na anza na upande wenye vilima vingi ungali na nguvu. Kurudi nyumbani kwa mteremko, nani anakataa?

5. Badili gia kabla mlima haujakudai

Vilima vya Mufindi si virefu sana, lakini havina mwisho. Unashuka, unavuka kijito, unapanda, unashuka tena. Kosa la wengi ni kusubiri hadi miguu inalia ndipo wabadili gia. Hapo cheni imekaza, inakataa, inalia "krak!", na wakati mwingine inakatika.

Badili ukiwa bado chini, mara tu uonapo barabara inainuka. Weka gia nyepesi, nyonga haraka haraka bila nguvu. Na kaa kitini! Ukisimama juu ya pedali kwenye changarawe iliyolegea, uzito unahama mbele na gurudumu la nyuma linazunguka bure. Sogea kidogo kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua, tazama mita kumi mbele. Ikishindikana, shuka utembee. Mandhari ya chai yanaonekana vizuri hata kwa miguu.

6. Kwenye mteremko: kitako juu, viwiko vilegee

Hapa ndipo penye raha na ndipo penye majeraha. Zilinganishe pedali, moja mbele moja nyuma, inua kitako kidogo, legeza viwiko na magoti. Miguu na mikono yako ndiyo springi za baiskeli. Ukijikaza, kila shimo linakurusha. Ukilegea, baiskeli inacheza chini yako na wewe unabaki umetulia.

Breki nazo zina wakati wake. Shika kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, halafu ziachie unapokata. Kona ya changarawe na breki ya mbele haziivi chungu kimoja: gurudumu la mbele likiteleza hakuna tena mjadala. Vidole viwili kwenye kila breki vinatosha, vinavyobaki vishike usukani.

Na juu ya kila kilima kaa kushoto kwako, hata kama barabara nzima ni yako peke yako tangu asubuhi. Bodaboda yenye magunia matatu ya viazi inaweza kutokea upande wa pili, na dereva wake pia anadhani yuko peke yake.

7. Jifunze kuisoma barabara

Barabara ya vumbi inaongea. Rangi iliyokolea na inayong'aa ni udongo uliokanyagwa ukashikamana, pita hapo. Rangi iliyopauka, laini kama unga, ni vumbi la kina. Tairi litazama na kuyumba. Ukiingia humo bila kutaka, usikate kona wala usikamate breki ghafla. Legeza mikono, endelea kunyonga, litakutoa lenyewe.

Kuna yale matuta madogo madogo yaliyojipanga kama rasta za barabarani. Yanatokana na magurudumu ya magari kurukaruka juu ya udongo mkavu uliolegea, na huwa mabaya zaidi katikati, magari yanapopita. Dawa ni kuhamia ukingoni kabisa mwa barabara, mara nyingi kuna ukanda mwembamba uliobaki laini. Ndiyo njia wanayoipita wenyeji wenye baiskeli za mizigo. Fuata alama za tairi zao. Wamezisoma barabara hizi miaka mingi.

Kukiwa na mvua usiku, uliza hali ya madaraja kabla ya kuondoka. Barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na zinatengenezwa kwa awamu. Daraja la mbao lililokuwapo mwezi jana, usilihesabu mpaka ulione.

8. Pancha: kidole kwanza, tyubu baadaye

Nikupe somo nililofundishwa na fundi mmoja wa kijijini chini ya mti wa parachichi. Nilikuwa nimebadilisha tyubu mara mbili ndani ya nusu saa na zote zimeisha upepo. Fundi hakugusa tyubu. Alichukua tairi, akaingiza kidole cha shahada ndani, akakipitisha taratibu kuzunguka lote, kama mama anayepapasa mchele kutafuta mawe. Akasimama. Kwa kucha akachomoa kijiwaya chembamba kama unywele, kifupi kuliko punje ya mchele. Ni waya wa tairi la lori lililopasuka, umetapakaa barabarani na usingeuona kwa macho. "Huyu hapa," akasema, "ungebadilisha tyubu hadi jioni."

Basi usiweke tyubu mpya kabla kidole chako hakijazunguka tairi lote. Polepole lakini, usije ukajichoma.

Na beba tyubu zako mwenyewe, mbili. Mafundi wapo karibu kila kijiji na wanajua kazi, ila akiba yao ni ya inchi 26 na 28, saizi za baiskeli ambazo watu wanazo. Kama tyubu yako ina valvu nyembamba ndefu, pampu nyingi za kijijini haziishiki. Kuna kijipete cha shaba kinachofungwa juu ya valvu ili pampu ya kawaida ishike. Hakina uzito wala bei. Kiweke mfukoni pamoja na viraka, solusheni, kiungo cha akiba cha cheni na spana ndogo.

9. Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu

Baridi ya Mufindi inadanganya. Hutoki jasho la kuonekana, kwa hiyo unasahau maji, mpaka kichwa kinaanza kugonga. Weka utaratibu: kila dakika 15 mafunda mawili matatu. Chupa mbili zinatosha kwa saa tatu za asubuhi, na maduka ya vijijini yanauza maji ukipungukiwa. Beba noti ndogo ndogo, maana ukitoa elfu kumi kwa chupa moja ya maji asubuhi, mwenye duka atazunguka kijiji kizima kutafuta chenji.

Chakula? Achana na vitu vya pakiti vya bei kali. Ndizi mbivu, karanga za kukaanga na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na chumvi ndicho chakula cha safari tangu zamani. Kula kidogo kila baada ya dakika 45. Ukipita kijijini, ingia kwa mama ntilie: chapati mbili za moto na chai ya maziwa. Umekaa katikati ya mashamba ya chai unakunywa chai. Kuna cha zaidi?

10. Kamwene! Salamu ndiyo honi yako

Hapa ni Uheheni. "Kamwene" ndiyo salamu, na inafungua milango kuliko funguo. Itoe kabla hujamfikia mtu, mita ishirini hivi, ili apate muda wa kukujibu. Mzee, punguza mwendo kabisa na umpe shikamoo yake ukiwa unamtazama. Watoto watakukimbilia na kukusindikiza hadi pumzi ziwaishie. Wapungie, lakini mikono irudi kwenye breki.

Ukimkuta mama amebeba kuni kichwani na anakupa mgongo, usimpigie kengele karibu. Atashtuka, atageuka na mzigo wote, na utaanguka wewe na yeye. Tumia sauti ukiwa mbali: "Samahani mama, napita kulia." Ng'ombe wakitanda njiani, simama. Mchungaji atakupa ishara ya upande wa kupita, yeye anawajua wakorofi. Mbwa akikufuata mbio, shuka, weka baiskeli kati yenu, mwite mwenye mji. Mara nyingi ukisimama naye anasimama.

Na ukipotea, uliza vizuri. Usiseme, "Njia hii inaenda Kibao?" Watu waungwana wengi watakujibu "ndiyo" ili wasikuvunje moyo. Sema, "Njia hii inaenda wapi?" Halafu muulize na wa pili. Ramani ya simu ipakue kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao unakatika.

11. Omba njia, iache kama ulivyoikuta

Barabara nyingi nzuri za huku zina wenyewe. Za ndani ya chai ni za mashamba, na kuna mlinzi kwenye geti. Shuka kwenye baiskeli, vua kofia ngumu, salimia, eleza unakotoka na unakokwenda, omba kupita. Ukiambiwa hapana, shukuru na ugeuze. Njia nyingine ipo. Ukiruhusiwa, wapishe wachumaji wanaovuka na vikapu, usikanyage mistari ya chai kutafuta picha.

Upande wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililoanza kama majaribio mwaka 1939 na sasa ndilo kubwa kuliko yote nchini, taarifu ofisi kabla ya kuingia. Siku za kazi malori ya magogo yanatumia barabara hizo, na lori lililoshiba magogo haliwezi kusimama ghafla. Ukisikia mngurumo, toka barabarani kabisa, simama upande ambao upepo unatokea ili vumbi liende upande wa pili, usubiri lipite. Kiangazi majani ni makavu: usiwashe moto wala usitupe kichungi cha sigara. Moto mmoja unaweza kula msitu uliochukua miaka ishirini kukua.

Na mtu mmoja nyumbani ajue njia unayopita na saa ya kurudi. Ujumbe mfupi tu: "Naenda Ngwazi, narudi saa nane." Kwisha.

Sasa zamu yako

Vumbi la Mufindi linatoka kwenye nguo kwa sabuni ya kawaida. Ulichokiona juu ya kilima, ukungu ukipanda na chai ikianza kung'aa, hakitoki. Barabara hizi zipo, ziko wazi, na asubuhi za Jumapili zina utulivu wa pekee. Wanaozitumia kila siku ni mkulima anayepeleka viazi sokoni na mtoto anayekwenda shule, na kuna nafasi ya kukutosha na wewe.

Usisubiri baiskeli mpya wala mwaka mpya. Ijumaa hii jaza upepo 35, chemsha viazi viwili, pakua ramani. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu uwe njiani, na mtu wa kwanza utakayemkuta, mwambie kamwene.